SOMO LA MWEZI: KUBUNI NAKSHI ZA VITAMBAA SI KUCHORA MAUA TU



Katika mtaala mpya, mtoto anapoingia sekondari ya juu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto akitaja sanaa, wazazi wengi hushtuka. "Kuchora maua? Hiyo itamletea ugali?" Kabla ya kumkataza, hebu tujifunze hasa anachotaka kusoma.

1. Anasoma nini?

Kwanza, kutazama. Chukueni leso moja muitandaze katikati ya kikundi. Mtaona pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Aliyeibuni aliamua kila kitu: pindo liwe pana kiasi gani, maneno yakae wapi, na rangi ngapi zitumike. Huo ndio ubunifu.

Pili, mrudio. Ua moja halitoshi kujaza kitambaa. Lazima lirudiwe kwa vipimo hata jicho lisione mahali lilipounganishwa. Hapo pana hesabu na rula.

Tatu, kitambaa chenyewe. Rangi inayoshika pamba haishiki poliesta. Vuteni nyuzi chache za kitambaa mzichome kwa kiberiti mbali na watoto. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mama aliyeuziwa poliesta akiambiwa ni pamba atapoteza rangi yake yote siku ya kutia.

Nne, rangi. Njano na buluu huzaa kijani. Nyekundu na njano huzaa rangi ya machungwa. Kwa hivyo anayefunga na kutia rangi huanza na ile nyepesi, kisha nzito. Akianza na buluu nzito, njano haitaonekana tena. Kitambaa kipya pia kioshwe kwanza kutoa wanga wa kiwandani, ama rangi itashika madoa madoa.

Tano, usalama. Soda kali huchoma ngozi na macho. Vaeni glavu. Tieni soda ndani ya maji kidogo kidogo. Msimwage maji juu ya soda. Sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe, na maji machafu yasimwagwe mtoni.

2. Je, kuna pesa?

Ndiyo, kama hesabu inafanywa. Tuchukue mfano. Kitambaa shilingi 600, rangi na soda 150, kuni na nauli 100. Jumla ni 850. Mkiuza kwa 1,000 mnasema faida ni 150. Lakini akina mama wawili wamefanya kazi siku nzima. Nani amewalipa? Vikundi vingi huchoka hapa, si kwa sababu kazi ni mbaya, bali kwa sababu jasho halikuandikwa kwenye daftari. Tena, kila kikundi kikitengeneza miviringo ile ile, mnunuzi anatafuta bei ya chini tu. Nakshi yenu wenyewe ndiyo inayomfanya arudi kwenu.

Lakini tusidanganyane. Si kila anayesoma sanaa atapata kazi. Mtoto ajifunze pia biashara, na akiweza, kemia. Aweke michoro yake yote kwenye kitabu kimoja, pamoja na ile iliyoharibika, maana chuo na mwajiri hutaka kuona kazi ya mkono, siyo cheti peke yake.

3. Neno la Mungu

Someni Kutoka 35:30-35. Bezaleli na Oholiabu walijazwa ujuzi wa kubuni, kutarizi na kufuma kwa ajili ya Hema Takatifu. Tena walipewa moyo wa kufundisha wengine. Kipaji cha mkono ni karama, nayo karama hudai kufundishwa.

4. Kisa cha kujadili

Kikundi kina pesa za karo ya mtoto mmoja tu. Kuna mvulana mwenye alama nzuri za sayansi, na msichana mwenye alama za wastani ambaye nakshi zake ndizo zinazouza vitambaa vya kikundi. Baba ya msichana anasema aolewe au ashone nyumbani.

- Mtatumia kipimo gani kuchagua, na nani atakuwepo wakati wa kuamua?
- Je, nakshi za msichana zimewahi kulipwa? Kama bado, kikundi kina deni lake la kiasi gani?
- Nani ataenda kuzungumza na baba, na atabeba nini mkononi kama ushahidi?

5. Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama achore umbo moja kutoka shambani kwake: jani la mhogo, jembe, au kibuyu. Lichongeni kwenye nusu ya kiazi, mpige mihuri kwenye kipande cha marekani, safu kwa safu. Waiteni vijana wenu wawasaidie. Hapo mtajua wenyewe kama ni kuchora maua tu.