SOMO LA NYUMBANI: KEKI YA BISKUTI NA CHOKOLETI ISIYOOKWA



Katika somo la mara hii twataka kujifunza kutengeneza kitu kitamu kwa ajili ya watoto na wageni, nacho ni keki ya biskuti na chokoleti. Keki hii haiokwi. Haitaki oveni, wala kupalia makaa juu na chini. Yataka sufuria moja, mwiko, trei, na moto wa dakika chache tu.

Siagi, kakao na chokoleti si vitu vya bei rahisi. Mama akinunua vitu hivi kwa fedha aliyoweka akiba kwa ajili ya sikukuu, kisha keki ikabaki rojorojo mbele ya watoto, hasara ni kubwa. Na jambo hilo laweza kumpata hata mtu aliyefuata maagizo neno kwa neno, kwa kuwa maagizo mengi ya keki hii yameandikwa katika nchi za baridi. Hivyo basi, kabla ya kupima kitu chochote, tujiulize swali moja: ni kitu gani kinachoishika keki hii isimomonyoke? Anayejua jibu ataweza kuitengeneza Njombe, na ataweza kuitengeneza Tanga.

1. Imetoka wapi?

Huko Uingereza, Scotland na Ireland, vitafunio vinavyotengenezwa katika trei na kukatwa vipande vya mraba ni desturi iliyozoeleka. Aghalabu huonekana kwenye meza ya chai katika kumbi za makanisa, ambako kila mmoja huleta trei yake kutoka nyumbani. Nyingi kati yake haziokwi. Scotland wanayo iitwayo tiffin, yenye biskuti zilizovunjwa, zabibu kavu, siagi na kakao. Ireland ya Kaskazini wanayo iitwayo fifteens, yaani kumi na tano, kwa sababu mpishi huhesabu biskuti 15, peremende laini za marshmallow 15, na cheri za sukari 15. Vyote hushikamanishwa kwa maziwa mazito ya kopo na kuviringishwa katika nazi.

Tusidhani kuwa ni chakula cha watoto peke yao. Mwaka 2011, Mwanamfalme William alipofunga ndoa na Catherine huko London, kando ya keki kubwa ya arusi palikuwa na keki ya biskuti na chokoleti ambayo bwana arusi mwenyewe aliiomba. Zilitumika biskuti 1,700 na kilo 17 za chokoleti, wala haikuokwa.

2. Ni nini kinachoishika?

Keki ya kawaida hushikwa na mayai na unga, ambavyo hukaza vikipata moto. Keki yetu hii haina moto huo. Biskuti zimekwisha kuokwa kiwandani, nazo zikivunjwa hazishikani zenyewe. Zahitaji gundi. Na gundi zetu ni za namna mbili.

Gundi ya kwanza ni mafuta yanayoganda. Tuangalie kakao yenyewe. Mti huu si mgeni kwetu: hulimwa Kyela katika Mkoa wa Mbeya, na Bundibugyo nchini Uganda. Mbegu zake huvundikwa kwa siku kadhaa, kisha huanikwa juani. Karibu nusu ya uzito wa mbegu iliyokaushwa ni mafuta. Mafuta hayo huganda yakiwa mahali pa baridi, na huyeyuka yakifika karibu nyuzi 34 za Sentigredi. Mwili wa mtu una nyuzi 37. Ndiyo maana chokoleti ni ngumu mkononi lakini hulainika mdomoni. Siagi nayo hulainika mapema zaidi kuliko chokoleti.

Sasa twaweza kuona shida ilipo. Nyumba ya Mombasa au Dar es Salaam yaweza kupita nyuzi 30 mchana, na jiko lililo chini ya bati hupita hapo. Katika joto hilo siagi haigandi, hata ukingoja mpaka kesho. Kosa si la mpishi, ni hali ya hewa.

Gundi ya pili ni maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Haya hayangoji baridi. Unga wa biskuti huyanywa maziwa, ukawa kinyunya kinachoshikana kama ugali mkononi. Gundi hii yawafaa wale wasio na friji, na wale wakaao pwani.

Yafaa pia tujue tofauti ya vitu vitatu vinavyochanganywa mara nyingi. Unga wa kakao ni ule uliokamuliwa sehemu kubwa ya mafuta yake. Ufundi huo ulipata hati ya serikali huko Uholanzi mwaka 1828, kwa jina la Van Houten. Kwa kuwa mafuta yamepungua, unga huu hautagandisha keki wenyewe. Huleta ladha na rangi, na siagi ndiyo igandishayo. Chokoleti ya vipande ina mafuta yake, nayo huganda. Lakini unga wa chokoleti ya kunywa una sukari nyingi na kakao kidogo. Ukiutumia badala ya kakao, keki itakuwa tamu kupita kiasi na ladha hafifu.

3. Namna ya kwanza: kwa wenye friji, au wakaao mahali pa baridi

Andaa vitu hivi:

Biskuti za kawaida zisizo na krimu, gramu 250
Siagi, gramu 125
Sukari, vijiko vikubwa 2
Asali au shira nzito, vijiko vikubwa 3
Unga wa kakao, vijiko vikubwa 4
Zabibu kavu, au karanga zilizokaangwa na kumenywa, gramu 75
Chokoleti ya vipande ya kufunika juu, gramu 150

Waweza kutumia majarini badala ya siagi, lakini chagua ile ngumu ya kupikia. Majarini laini ya kupaka mkate haigandi vizuri.

Kwanza, chukua trei yenye sentimita 20 kila upande. Itandike karatasi iliyofungia siagi, upande wenye mafuta ukielekea juu. Kama karatasi hiyo haitoshi, paka siagi kidogo palipobaki.

Pili, vunja biskuti kwa mkono au kwa mchi. Usizitwange zote zikawa unga. Baadhi zibaki vipande vyenye ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi. Biskuti zilizovunjika dukani zafaa vilevile, mradi ziwe kavu na hazijalainika.

Tatu, weka siagi, sukari, asali na kakao katika sufuria juu ya moto mdogo. Koroga mpaka siagi iyeyuke na mchanganyiko ung'ae. Usiache uchemke. Epua.

Nne, mimina biskuti na zabibu ndani ya sufuria. Geuza kwa mwiko mpaka pasionekane kipande kikavu. Mimina katika trei na ushindilie kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko. Keki isiyoshindiliwa ndiyo inayomomonyoka wakati wa kukata.

Tano, yeyusha chokoleti. Iweke katika bakuli kavu juu ya sufuria yenye maji ya moto, bakuli lisiguse maji. Hapa tuwe waangalifu: matone machache ya maji yakiingia katika chokoleti, huwa ngumu na yenye chenga, wala haitandazwi tena. Mwiko nao uwe mkavu. Ikiyeyuka, itandaze juu ya keki.

Sita, weka katika friji kwa saa 2. Wale wakaao nyanda za juu, katika miezi ya baridi, waweza kuifunika na kuiacha usiku kucha mahali penye ubaridi. Ili sisimizi wasiifikie, weka trei juu ya bakuli lililofudikizwa ndani ya beseni la maji.

4. Namna ya pili: kwa wasio na friji

Andaa vitu hivi:

Biskuti za kawaida, gramu 250
Unga wa kakao, vijiko vikubwa 3
Nazi kavu iliyokunwa, kikombe 1, na nyingine kidogo ya kuviringishia
Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kopo 1 la gramu zipatazo 397

Mwenye nazi mbichi aikune, kisha aikaushe katika kikaango juu ya moto mdogo, akigeuza mpaka iwe kavu kabisa. Nazi yenye maji huharibika upesi.

Safari hii biskuti zitwangwe zaidi, ziwe karibu na unga. Changanya na kakao na nazi. Kisha mimina maziwa kidogo kidogo, ukikanda. Usimalize kopo kabla ya kujaribu: finya kiasi mkononi, na kikishikana bila kunata sana, acha hapo. Wacha kipumzike kwa nusu saa ili biskuti zinywe maziwa. Baadaye shindilia katika trei na ukate. Au, kukiwa na joto kali, fanya viduara vidogo na uviviringishe katika nazi. Viduara huvumilia joto kuliko vipande.

Namna hii yafaa iliwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Ile ya kwanza, ikifunikwa vizuri katika friji, hukaa wiki moja.

5. Mambo ya kuangalia kwa ajili ya afya

Maagizo mengine ya zamani ya Kiingereza husema tutie yai bichi. Sisi twashauri liachwe. Yai ambalo halikupita motoni laweza kuleta ugonjwa wa tumbo, na walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wajawazito na wazee. Keki hushikana vema bila yai.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali. Watoto wadogo wasipewe karanga nzima, kwa kuwa zaweza kuwapalia; zitwangwe kwanza. Kabla ya kuwagawia watoto wa jirani, tuulize kama yuko anayedhurika na karanga. Na kwa kuwa keki hii ina sukari nyingi, iwe ya siku maalumu, wala isiwe chakula cha kila siku.

6. Kukata na kugawa

Chovya kisu katika maji ya moto, ukipanguse kikauke, kisha ukate. Trei ya sentimita 20 ikigawanywa safu tano huku na safu tano huku, hutoa vipande 25 vilivyo sawa. Twasisitiza neno hilo "sawa". Watoto huangalia sana ukubwa wa kipande cha mwenzao, na mgeni aliyekuja bila taarifa naye apate chake. Njia njema ya zamani ni kwamba anayekata ndiye wa mwisho kuchukua.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Hapa kwetu kuna joto au baridi? Tukianza na namna moja, iwe ipi, na kwa nini?
2. Kwa nini unga wa kakao peke yake hauwezi kugandisha keki?
3. Katika vitu vilivyotajwa, ni vipi vipatikanavyo kwetu kwa bei nafuu, na ni kipi kiwezacho kubadilishwa?
4. Vijana na watoto waweza kupewa kazi gani katika kutengeneza keki hii?

Twawatakia kazi njema jikoni.