Jina Gani Kwenye Kitambulisho?



Baada ya harusi huzuka swali ambalo nyumba nyingi hazilijadili: je, mke atumie jina la mumewe? Mume hudhani ni lazima, mke hunyamaza, na mambo huachwa hivyo. Miaka inapita, kitambulisho kinasema hivi, benki inasema vile, na shida hujulikana siku ya msiba. Leo tujifunze jambo hili kwa mfano wa wanandoa wanaoishi Kaloleni, Voi.

Je, ni lazima?

Hapana. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wanapofunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Kanisa nalo halina amri hiyo. Jina la ubatizo hubaki lilivyo. Katika kitabu cha ubatizo huongezwa tu habari ya ndoa yako. Basi uamuzi ni wenu wawili. Mume asilifanye jina kuwa kipimo cha mapendo, na mke asiamue kimyakimya.

Mkiamua kubadili

Tuseme Agnes Wakio ameolewa na Mwadime, naye anataka kuitwa Agnes Wakio Mwadime. Cheti cha ndoa hakijabadili jina lake. Ni ushahidi tu. Afuate hatua hizi:

1. Ndoa iwe imeandikishwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa ya Kikristo iandikishwe kwa Msajili wa Ndoa. Mwulizeni paroko, na siku ya kutia sahihi someni majina herufi kwa herufi.

2. Kitambulisho kwanza. Aende kwa afisi ya usajili wa watu akiwa na cheti cha ndoa, kitambulisho chake, na nakala ya kile cha mume. Jina litabadilika, lakini nambari itabaki ile ile. Katika fomu aandike Kaloleni, Voi, Taita Taveta, maana iko Kaloleni nyingine kule Kilifi.

3. Kisha mengine yote: PIN ya KRA, NSSF, bima ya afya ya SHA, benki, chama cha akiba, laini ya simu, pasipoti, daftari la wapiga kura, na hati ya shamba kama analo. Afanye orodha, afute moja baada ya jingine.

4. Vyeti vya shule vibaki vilivyo. Aviweke pamoja na cheti cha ndoa, ambacho kitaeleza kwa nini majina yanatofautiana.

Anayetaka kuliacha kabisa jina la awali, au kubadili jina la kwanza, anahitaji zaidi. Wakili humwandalia hati ya kubadili jina, husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Hatari ya nusu nusu

Mume amefanya kazi shamba la mkonge miaka ishirini. Katika fomu za kazini alimwandika mkewe kwa jina la ndoa, kumbe kitambulisho cha mama kina jina la babake. Mume anafariki. Mjane anaulizwa: je, wewe ndiwe huyu? Anatumwa kwa chifu, kisha akale kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Nauli inaisha, karo ya watoto inangoja, na jamaa mwenye tamaa anapata mwanya wa kusema huyu si mke.

Haki ya mjane inatokana na ndoa, wala si jina. Lakini karatasi zisizopatana humchelewesha na kumwaibisha wakati ana majonzi. Kwa hiyo, mkibadili, badilini kila mahali. Msipobadili, mume aandike jina la mkewe popote kama lilivyo katika kitambulisho. Njia zote mbili ni njema. Ya katikati ndiyo inayoumiza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, tuliwahi kuzungumza juu ya jina, au kila mmoja alidhani tu?

2. Majina yetu yanafanana katika kitambulisho, cheti cha ndoa, NSSF na benki?

3. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimeandika jina la mama vipi?

4. Nikifariki leo, mwenzangu anajua karatasi ziko wapi?

Jumapili hii jioni, watoto wakisha kulala, toeni karatasi zote mezani. Zisomeni pamoja, mume na mke, kisha mpange ni nani atakwenda afisi gani, na lini.