Chembe za Protini Dhidi ya Saratani: Kijitabu kwa Wakazi wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Dawa inayobebwa na protini

Paklitakseli ni dawa ya saratani iliyogunduliwa katika gome la mti wa Amerika. Haiyeyuki majini, hivyo kwa miaka mingi imechanganywa na kiyeyusho kitokanacho na mafuta ya nyonyo. Kiyeyusho hicho huweza kuleta mzio mkali. Mgonjwa hupewa kwanza dawa za kuuzuia, kisha mara nyingi hukaa na dripu saa 3.

Mbebaji mwingine alipatikana ndani ya damu yetu: albumini, protini inayotengenezwa na ini. Dawa ikishikamana nayo huwa chembe za nanomita 130 hivi; nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na seli za saratani hutumia albumini kwa wingi, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya dawa huingia kwenye uvimbe. Dripu yake ni nusu saa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2005 kwa saratani ya matiti iliyosambaa, baadaye kwa mapafu na kongosho.

Hata hivyo nywele bado hunyonyoka, kinga hushuka, na ganzi huingia mikononi na miguuni. Dawa hii hutolewa kwa dripu tu, chini ya daktari wa saratani. Anayekuuzia vidonge au chai ya "nano" mtaani anakula fedha yako huku ugonjwa ukikua.

Chembe iliyokwisha kutufikia

Chanjo ya kirusi cha HPV nayo ni chembe za protini, zenye umbo la ganda la kirusi hicho. Ndani hazina vinasaba, hivyo haziwezi kuambukiza. Zinaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. HPV ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine yoyote.

Chanjo ilianza nchi nzima mwaka 2018, dozi 2 kwa wasichana wa miaka 14. Kisha utafiti wa DoRIS, uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, ukaonyesha kuwa hata dozi moja hujenga kinga inayodumu. Tangu 2024 dozi ni moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Kwa delta hili ni jambo kubwa. Mhudumu anayekwenda Mbwera, Salale au Maparoni kwa boti, akipanga safari kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji, hana tena haja ya kumtafuta msichana yuleyule mara ya pili.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba chanjo itamfanya binti asizae. Hofu hiyo haina msingi: chanjo haiharibu uzazi, bali humkinga na saratani inayoweza kumlazimu mwanamke kuondolewa kizazi.

Kwa akina mama

Chanjo haiondoi haja ya kupimwa. Kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU, omba uchunguzi wa mlango wa kizazi. Damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu kali, uvimbe wa titi hata usiouma: usisubiri. Nenda kituo cha afya, nao watakupa rufaa, ikibidi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mzazi mwenye binti wa miaka 9 hadi 14, muulize mwalimu wake au zahanati ya kijijini kwako kama ameshachanjwa. Kama bado, mpeleke wiki hii.