Seli Saidizi za Ubongo: Za Maabara na Zile za Pakiti

SOMO LA AFYA NA SAYANSI

Jirani yangu ana mtoto wa miaka tisa mwenye kifafa. Jioni moja alinijia na pakiti ya unga aliyopewa kama sampuli. Alikuwa ameambiwa kwamba ndani mna seli shina, zile ambazo wauzaji huziita "stem cell", na kwamba mtoto akinywa dozi ya miezi mitatu, ubongo utajitengeneza upya. Tayari alikuwa amepata mnunuzi wa mtamba wake.

"Kijana wangu, wewe unafanya kazi kaunti na umesoma," aliniambia. "Hii kitu ni ya kweli ama ni ya uongo?"

Jibu lina sehemu mbili. Sayansi ya seli shina ni ya kweli. Pakiti ile haina uhusiano nayo. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini.

Seli saidizi ni zipi?

Ubongo wa mtu mzima una takriban seli za neva bilioni 86. Hizo ndizo zinazobeba ujumbe: kuona, kukumbuka, kuinua jembe. Kando yake kuna seli nyingine, zinazokaribia idadi hiyo hiyo, ambazo huzihudumia. Wanasayansi huziita glia. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, na lilitolewa mwaka 1856 na daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeona kazi yake ni kushikilia tu. Leo tunajua zinafanya mengi zaidi. Kuna aina tatu kuu:

• Astrosaiti, zenye umbo la nyota. Hulisha seli za neva, huondoa kemikali zinazobaki baada ya ujumbe kupita, na husaidia kutunza ukuta unaotenganisha damu na ubongo.

• Oligodendrosaiti. Huzungushia nyuzi za neva tabaka la mafuta, kama plastiki inayofunika waya wa stima, ili ujumbe usafiri haraka.

• Maikroglia. Hawa ndio askari na wazoa taka. Hula viini na mabaki ya seli zilizokufa.

Fikiria shamba la kahawa. Mbuni ndio unaoleta malipo, lakini asipokuwepo wa kupalilia, kupogoa na kupulizia dawa, hakuna cha kupeleka kiwandani. Ubongo nao ni hivyo: seli saidizi zikilegea, seli za neva huumia. Virusi vya Ukimwi, kwa mfano, hujificha ndani ya maikroglia. Na katika malaria kali ya ubongo, ambayo wazazi wa sehemu za chini za Mbeere wanapaswa kuiogopa, chembe za damu zenye vimelea hunata ndani ya mishipa midogo ya ubongo na kuzishtua seli saidizi zilizo karibu. Watafiti wa KEMRI na Wellcome, ambao wana kituo Kilifi tangu 1989, wamefuatilia watoto waliopona malaria hiyo na kuonyesha kwamba baadhi yao hubaki na kifafa.

Zinakuzwaje maabarani?

Ubongo wa mtu aliye hai hauwezi kukatwa kipande kila mara mtafiti anapotaka kujifunza. Panya husaidia, lakini astrosaiti ya binadamu ni kubwa kuliko ya panya na ina matawi mengi zaidi. Kwa hiyo wanasayansi walihitaji njia ya kupata seli za binadamu bila kumgusa mtu ubongo.

Wakulima wa ndizi wa Meru na Embu wataielewa njia hiyo haraka. Mche wa ndizi wa tishu kalcha huanza na kipande kidogo cha chipukizi safi. Huwekwa kwenye chupa yenye chakula maalum, nacho hutoa miche mingi. Kwa binadamu, kazi ilifunguliwa na Mjapani Shinya Yamanaka. Mwaka 2006 alitumia seli za panya, na mwaka 2007 seli za ngozi ya mtu. Aliziongezea jeni nne tu, nazo zikarudi nyuma na kuwa seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon.

Baada ya hapo seli shina hulishwa kemikali moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, hadi zigeuke astrosaiti au maikroglia. Kazi hii huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Kinachopatikana ni seli ndani ya sahani. Haziwazi, na si ubongo.

Zimetufundisha nini?

Chukua ugonjwa wa Alzheimer's, unaowafanya wazee wapoteze kumbukumbu. Kuna jeni iitwayo APOE, na mwenye aina yake ya 4 huwa katika hatari zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, wakiongozwa na Li-Huei Tsai, walikuza seli za ubongo zenye aina hiyo. Waliona astrosaiti na maikroglia zikishindwa kuondoa vizuri amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hao. Walipoirekebisha jeni hiyo iwe aina ya 3, kasoro kadhaa zilipungua.

Lakini jeni hiyo haiwaathiri watu wote sawa. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi Ibadan, Nigeria, ulionyesha kwamba huko aina ya 4 ina uhusiano hafifu zaidi na ugonjwa kuliko ilivyo Marekani. Hapa kwetu, mwaka 1996, Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila ugonjwa wa kusahau, na wakakuta amiloidi kwa baadhi yao. Maswali kama haya hayawezi kujibiwa na seli za Wazungu peke yake, na hadi sasa seli nyingi za maabara duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kwa nini pakiti haiwezi kuponya?

Seli ya binadamu ni kiumbe hai. Maabarani hukaa kwenye maji ya chakula, kwa joto la mwili. Ikihifadhiwa, hugandishwa ndani ya nitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Mfugaji amewahi kuona mtungi huo: ndio anaobeba mtu wa AI akija kumpandisha ng'ombe. Mbegu zikitolewa humo zikakaa juani, hazina kazi tena. Sasa unga mkavu uliokaa miezi kwenye kabati la duka utakuwa na seli gani hai? Na hata kama zingekuwemo, tumbo lingezisaga kama nyama ya mchuzi.

Wapo wanaotoa sindano pia. Sindano ya seli zisizothibitishwa inaweza kuleta maambukizi au uvimbe. Majaribio halali yapo, lakini huenda polepole: huko Kyoto, Japani, jaribio la seli za aina hii kwa ugonjwa wa Parkinson lilianza mwaka 2018 na likahusisha wagonjwa 7 pekee.

Mkaazi afanye nini?

1. Uso ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ambayo hufanya kazi katika saa chache za mwanzo.

2. Kifafa kina dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vyema.

3. Ukiuziwa dawa, uliza kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ukiahidiwa tiba na daktari usiyemjua, hakikisha leseni yake kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

4. Ukiombwa damu au ngozi kwa utafiti, uliza: kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili kiko wapi? Seli zangu zitapelekwa wapi? Naweza kujiondoa? Mtafiti wa kweli hatakulipisha.

Jirani yangu alirudisha ile pakiti. Mtamba bado yuko zizini na mtoto amerudi kliniki. Kazi ngumu sasa, mama yake anasema, ni kutoruka dawa hata siku moja.

Jipime

1. Taja aina tatu za seli saidizi na kazi ya kila moja.
2. Kwa nini watafiti hawatosheki na seli za panya?
3. Mweleze jirani, kwa kutumia mfano wa mtungi wa AI, kwa nini unga hauwezi kuwa na seli shina hai.