Mfereji Unaovuja ni wa Nani?



Somo la leo ni dogo, lakini limewahi kuwaacha watu bila maji. Tutajifunza kubadilisha raba ya mfereji wa tangi, na kubadilisha mfereji mzima ukiwa umechakaa. Mmoja wenu asome kwa sauti, kipande kwa kipande, na mkiweza mkae karibu na tangi lenu, spana ikiwa mkononi.

TUONE: TANGI LILILOISHA KABLA YA WAKATI

Kikundi kimoja cha akina mama 28 huko Ukambani kilijenga tangi la lita 10,000 la kukinga maji ya paa. Mchanga na mawe waliyabeba wenyewe kwa mwethya. Saruji walisaidiwa na parokia. Mvua ya Machi hadi Mei ilinyesha vizuri, tangi likajaa.

Mwezi wa Juni mfereji ukaanza kudondosha. Wakaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila aliyekuja kuchota aliukaza kwa nguvu zaidi, na kadiri walivyokaza ndivyo raba ya ndani ilivyozidi kukatika. Katika kitabu cha mikutano tulikuta maneno yale yale yameandikwa mara tatu: "Fundi aitwe." Hakuitwa. Kufika Septemba tangi likawa tupu, na akina mama wakarudia njia ya mtoni, mtungi mgongoni, kama zamani.

Tulipowatembelea tuliuliza: kwani mfereji huu ni wa nani? Mwenyekiti akajibu kwamba walikuwa wakingoja parokia ilete fundi, maana ndiyo iliyoleta saruji. Nyanya mmoja akacheka, akasema: "Siku ya kupigwa picha tangi lilikuwa letu. Siku ya kuvuja limekuwa la Padre."

Watu wote wakanyamaza. Hata sisi wa ofisi ya maendeleo tulinyamaza, kwa sababu kosa letu pia lilikuwemo. Tulikuwa tumewafundisha kujenga, hatukuwafundisha kutengeneza.

TUAMUE: HESABU YA MATONE

Tone moja halimtishi mtu. Basi tulihesabu. Wekeni chombo cha lita moja chini ya mfereji unaovuja, mtazame saa. Kikijaa kwa saa moja, hesabu ni hii:

Kwa siku moja: lita 24.
Kwa mwezi wa siku 30: lita 720, yaani mitungi 36 ya lita 20.
Kwa miezi mitano ya kiangazi: lita 3,600, yaani mitungi 180.

Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya tangi la lita 10,000. Nani kati yetu angekubali kubeba mitungi 180 kutoka mtoni, kisha aimwage chini? Tena maji yanayotuama chini ya mfereji huleta matope na kuwapa mbu mahali pa kuzalia.

Injili ya Yohana, sura ya 6, inatueleza kwamba Yesu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Aliyeweza kufanya muujiza mkubwa namna ile hakudharau makombo. Na sisi tusidharau matone.

TUTENDE: KAZI YENYEWE

Vifaa: spana mbili za kurekebisha, bisibisi, raba mbili za mfereji, tepu nyeupe ya mafundi wa maji, kitambaa safi, na mfereji mmoja wa akiba. Kabla ya kwenda dukani pimeni mfereji wenu. Mingi ni ya nusu inchi, mingine robo tatu. Ukiweza, beba wa zamani uwe mfano.

1. Tafuteni maji yanatokea wapi. Pangusa mfereji mpaka ukauke, kisha utazame.
– Yakitoka mdomoni ilhali umefungwa, raba ya ndani imekwisha.
– Yakitoka juu, kwenye mkono wa kufungulia, kaza kidogo nati iliyo chini ya mkono huo. Mara nyingi inatosha.
– Yakitoka pale mfereji unapoungana na bomba, tepu imelegea. Mfereji ufunguliwe na ufungwe upya.

2. Kubadilisha raba. Funga kwanza koki iliyo kati ya tangi na mfereji. Fungua mfereji ili maji yaliyobaki yatoke. Shika mwili wa mfereji kwa spana moja, na kwa spana ya pili fungua kichwa chake. Kichwa kikitoka utaona raba mwishoni, kwa kawaida imeshikwa na nati ndogo. Itoe, weka mpya ya kipimo kile kile. Kabla ya kurudisha kichwa, pitisha kidole mahali raba inapokalia. Pakiwa laini, rudisha. Pakiwa pamelika au pana mkwaruzo, raba mpya haitasaidia. Badilisha mfereji mzima.

Mkikosa raba dukani, mnaweza kukata kipande kinene kutoka kwa kandambili za matairi. Lakini hiyo ni ya kushikilia siku chache tu.

Ile mifereji inayofunguka kwa kugeuza mkono robo mzunguko haina raba ya namna hii. Ikivuja mdomoni, badilisha mzima.

3. Kubadilisha mfereji mzima. Hapa sikizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tangi linapoharibiwa. Usizungushe mfereji kwa spana moja! Bomba limejengewa ndani ya ukuta wa tangi. Mfereji ukikataa kutoka, bomba lenyewe litazunguka na kupasua saruji, na badala ya tone mtapata ufa. Spana moja ishike bomba lisitikisike, ya pili ndiyo izungushe mfereji.

Zungushia tepu kwenye meno ya mfereji mpya, mizunguko minane hadi kumi, ukiivuta kidogo ilale ndani ya meno. Ukiwa umeelekeza meno kwako, zungusha kama mishale ya saa inavyokwenda. Ukienda kinyume, tepu itajikunja wakati wa kukaza. Anza kwa mkono, malizia kwa spana. Mdomo ukikosa kutazama chini, songa mbele kidogo. Usirudishe nyuma, kwa sababu tepu italegea. Ukishindwa, toa na uweke tepu mpya.

4. Na kama hakuna koki? Ngojeni maji yapungue tangini ikiwezekana. Chongeni kijiti kama kizibo na mkizungushie kitambaa safi. Wekeni tepu kwenye mfereji mpya kabla hamjagusa wa zamani. Mmoja atoe wa zamani, mwingine azibe papo hapo. Halafu mfungeni mpya ukiwa wazi, ili maji yapite ndani yake yasiusukume. Ukishakaza ndipo uufunge. Mtalowa kidogo, lakini tangi halitaisha. Ule wa zamani mkautengeneze mezani polepole, uwe akiba yenu.

5. Jaribuni. Pangusa kila kiungo, ngojeni nusu saa, kisha guseni kwa mkono mkavu.

Wale akina mama 28 waliifanya kazi hii siku ile ile, tangi likiwa tupu. Aliyeshika spana ni mama mweka hazina, ambaye hakuwa ameishika maishani mwake. Maji yaliyopotea hayakurudi. Lakini mvua ya vuli iliponyesha Novemba, tangi likajaa na mfereji ukabaki mkavu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu ni kitu gani kinachovuja, na sote tunakiona? Je, ni mfereji, ni kitabu cha pesa, au ni mahudhurio?
2. Tumekuwa tukimngoja nani, na kwa nini?
3. Ni nani kati yetu watakaojifunza kazi hii? Chagueni wawili, na angalau mmoja awe mama, kwa kuwa akina mama ndio wachotaji.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Pimeni matone ya mfereji wenu kwa saa moja, mwandike hesabu katika kitabu. Changeni pesa za raba mbili na mfereji wa akiba, mviweke kwa mweka hazina. Na mahali palipoandikwa "Fundi aitwe," andikeni jina la mwanachama na siku atakayoifanya kazi hiyo.