Kutosikia Si Ugonjwa Mmoja: Kutambua Aina za Upotevu wa Usikivu

Mfanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, akiamka asubuhi na kukuta sikio moja halisikii, aghalabu hudhani limezibwa na nta. Hutia mafuta, akasubiri. Ikiwa ni nta kweli, kusubiri huenda kusimdhuru. Ikiwa sikio la ndani limeathirika, kila siku inayopita hupunguza uwezekano wa kupona. Hivyo, aina ya tatizo hutangulia tiba.

Upotevu wa upitishaji sauti. Sauti huzuiwa katika sikio la nje au la kati. Visababishi ni pamoja na nta, kitu kilichoingia sikioni, ngoma ya sikio iliyotoboka, na usaha wa muda mrefu, hasa kwa watoto. Aina hii mara nyingi hutibika kwa kusafisha sikio, dawa au upasuaji.

Upotevu wa sikio la ndani au neva. Sauti hufika, lakini seli zinazoipokea ndani ya koklea, kiungo chenye umbo la konokono, zimeharibika. Au neva imeathirika. Seli hizo zikifa hazioti tena. Visababishi ni uzee, homa ya uti wa mgongo, dawa kama gentamaisini na streptomaisini, na kelele. Mafundi wanaogonga vyuma Gerezani na wauzaji wanaoshinda kando ya spika wamo hatarini: kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, kwa miaka, huweza kudhuru. Mgonjwa husikia sauti lakini hapambanui maneno, hasa penye makelele. Wengi husaidiwa na shimesikio. Wenye upotevu mkubwa sana huweza kupandikizwa kifaa cha koklea, huduma iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017.

Upotevu mchanganyiko. Aina zote mbili hukutana katika sikio moja, mathalani mzee mwenye usaha sugu.

Uchunguzi wa awali. Mhudumu wa afya huanza kwa kuangalia ndani ya sikio. Sikio moja likiwa ndilo lenye tatizo, uma wa sauti wa hezi 512 hupigwa na kuwekwa katikati ya paji la uso. Mvumo ukisikika zaidi katika sikio gonjwa, yaelekea kuna kizuizi cha upitishaji. Ukisikika zaidi katika sikio zima, sikio la ndani la upande wa pili lishukiwe. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya kile cha mashine.

Dharura. Usikivu uliopotea ghafla, au ndani ya siku 3, bila nta wala usaha, ni dharura. Mgonjwa apewe rufaa siku hiyohiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwani dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa mapema, ndani ya wiki 2 za mwanzo. Mafuta, vijiti na matone yasiyoandikwa na daktari yasitiwe sikioni.