Jinsi Ninavyompima Dume Kijana Kabla ya Kumpelekea Jike

Kila Novemba, mbio za Breeders' Cup zikishamalizika, mashamba ya hapa Kentucky huanza kutangaza madume wapya. Farasi aliyekuwa uwanjani juzi sasa anasimamishwa mbele ya wageni, ngozi inang'aa, na karatasi yenye orodha ya ushindi wake inagawiwa kwa kila anayepita. Mfugaji mdogo mwenye jike mmoja au wawili hutakiwa aamue haraka jambo ambalo jibu lake litakuja baada ya miaka.

Mimi nilianza kama saisi kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, na sasa kazi yangu iko kwenye mashamba ya farasi karibu na Lexington. Mji huu una jamaa zetu wengi kutoka Kongo, Kiswahili unakisikia dukani na kanisani, na wapo wanaofanya kazi mazizini na kuuliza maswali mazuri kuhusu madume wanaowahudumia. Nimeona niyajibu mahali pamoja.

Msimamo wangu ni huu: kukimbia ni kazi moja, kuzaa wakimbiaji ni kazi nyingine. Kwa kila unachokiona kwa dume kijana, kizuri au kibaya, jiulize: hiki kitamfikia mtoto, au kitabaki kwake? Soko hulipa sana sifa zisizorithiwa, na hukimbia kasoro zisizorithiwa. Mfugaji mwenye fedha kidogo hupata nafasi yake katika makosa hayo mawili.

Ielewe kalenda kwanza

Sheria za usajili wa thorobredi, farasi hawa wa mbio, hazikubali uhimilishaji. Lazima dume ampande jike mwenyewe. Msimu huanza katikati ya Februari na kwisha mapema Julai. Mimba huchukua takriban miezi 11, na thorobredi wote wa Kizio cha Kaskazini huongezewa mwaka Januari 1, hata aliyezaliwa wiki iliyotangulia. Ndiyo maana kila mtu anataka mtoto azaliwe mwanzoni mwa mwaka na si mwishoni.

Mchukue Flightline. Alikimbia mara 6 akashinda zote, akamalizia na Breeders' Cup Classic ya 2022. Siku chache baadaye asilimia 2.5 ya umiliki wake iliuzwa kwenye mnada wa Keeneland kwa dola milioni 4.6. Mwaka 2023 alianza kupandishwa katika shamba la Lane's End kwa ada ya dola 200,000. Watoto wake wa kwanza walizaliwa 2024, wakafikia umri wa mnada wa farasi wa mwaka mmoja 2025, na umri wa kukimbia wakaufikia 2026. Bei hizo zote za mwanzo zilipangwa kabla ya mtu yeyote kumwona mtoto wake hata mmoja.

Kwa sababu ya kungoja huko, ada ya madume wengi hushuka katika mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Msisimko wa mwanzo umepoa na ushahidi bado haujafika. Kama umempima dume vizuri na bado unamwamini, miaka hiyo ndiyo ya kumpelekea jike kwa bei nafuu. Ila ujue kwamba watoto wa kwanza wakishindwa uwanjani, wako naye atashuka bei pamoja nao.

Isome rekodi kwa kuuliza sababu

Naanza na daraja la mbio. Ushindi wa daraja la kwanza una uzito, lakini natazama pia waliomaliza nyuma yake. Je, waliendelea kushinda mbio kubwa, au siku ile wapinzani walikuwa dhaifu? Kisha natazama umri. Dume aliyeonyesha kasi akiwa na miaka miwili, na akabaki mzima mpaka minne, ananiambia mambo mawili kwa pamoja: mwili wake ulikomaa mapema, na ulistahimili.

Gun Runner ni mfano mzuri. Alikimbia mara 19 akashinda 12, na alishinda mbio za daraja la kwanza akiwa na miaka mitatu, minne na mitano. Kwa kuwa alizidi kung'ara kadiri alivyokua, wengi walidhani watoto wake wangechelewa. Mwaka 2021 akaongoza madume wote wapya wa Marekani, na binti yake Echo Zulu akawa bingwa wa majike wa miaka miwili. Waliosoma rekodi yake yote, si mwaka wake bora tu, waliona kwamba alikuwa ameshashinda akiwa na miaka miwili.

Idadi ya mbio peke yake isikutishe. Danzig alikimbia mara 3 tu. Alishinda zote, lakini goti likamsimamisha. Mkufunzi wake, Woody Stephens, alimsifu sana kwa Seth Hancock wa shamba la Claiborne, na Hancock akamchukua. Danzig aliongoza orodha ya madume wa Marekani mwaka 1991, 1992 na 1993. Kwa hiyo, rekodi ikiwa fupi, tafuta kilichoikata. Jeraha la ajali halirithiwi. Mguu uliozaliwa vibaya ukaumia kwa sababu hiyo ni habari nyingine.

Mjue mama yake

Nusu ya alichonacho dume ameipata kwa mama, na huko ndiko wanunuzi wengi hutazama kwa haraka. Mimi husoma ukoo wa mama mpaka bibi wa pili. Natafuta majike waliozaa washindi kwa madume tofauti. Jike aliyezaa bingwa kwa dume mmoja ghali, na wengine wote wakawa wa kawaida, hanipi uhakika huo.

Zaidi ya hapo, fuatilia wadogo zake. Into Mischief alishinda mbio moja ya daraja la kwanza, CashCall Futurity ya 2007, kisha akaanza kazi katika shamba la Spendthrift mwaka 2009 kwa ada ya dola 12,500. Watu hawakumgombania, na ada ikashuka hadi 7,500. Mama yake, Leslie's Lady, akaendelea kuzaa. Akamzaa Beholder, jike aliyeshinda mbio za Breeders' Cup mara tatu, na baadaye Mendelssohn. Kwa Beholder, damu ile ilikuwa tayari inajieleza yenyewe uwanjani wakati kaka yake bado ni wa bei nafuu. Kuanzia 2019, Into Mischief ameongoza orodha ya madume wa Amerika Kaskazini mwaka baada ya mwaka, na ada yake imefika dola 250,000.

Dume kijana anapokuwa katika mwaka wake wa pili au wa tatu, mimi hukagua kila mwezi jinsi ndugu zake wa tumbo moja wanavyokimbia. Ni habari iliyo wazi kwa kila mtu, na haina malipo.

Mwone kwa macho yako mwenyewe

Picha ya tangazo hupigwa farasi akiwa amesimamishwa vizuri. Nenda ukamwone akitembea. Omba aletwe moja kwa moja kuelekea kwako, kisha aondoke, kwenye ardhi ngumu na tambarare. Tazama kama kwato zinatua sawasawa au anazirusha ndani au nje. Simama ubavuni utazame goti la mbele. Goti lililorudi nyuma ya mstari wa mguu linanitia wasiwasi kuliko lililojitokeza kidogo mbele, kwa sababu hubeba mzigo mkubwa farasi anapokimbia kwa kasi. Tazama ukubwa wa kwato kulingana na mwili. Ulizia koo: farasi mwenye mlio wakati wa kuvuta pumzi huenda ana udhaifu wa mishipa ya fahamu ya koromeo, na tatizo hilo huonekana kwenye baadhi ya familia za farasi.

Hata hivyo usimkatae kwa urefu peke yake. Northern Dancer hakufika sentimita 160 begani. Akiwa na mwaka mmoja hakupata mnunuzi kwa dola 25,000, kisha akashinda Kentucky Derby ya 1964 na kuwa baba wa Nijinsky, Danzig na Sadler's Wells. Dubawi naye ni mfupi. Alianza mwaka 2006 katika shamba la Dalham Hall, Newmarket, kwa ada ya pauni 25,000, ikashuka hadi 15,000. Watoto wake walipoanza kukimbia ilipanda, na hatimaye ikafika pauni 350,000.

Sunday Silence ndiye ninayemtaja zaidi. Alishinda Kentucky Derby, Preakness na Breeders' Cup Classic mwaka 1989, lakini wafugaji wa Marekani hawakuipenda miguu yake ya nyuma wala ukoo wa mama yake. Zenya Yoshida akampeleka Japani, katika shamba la Shadai, na huko akaongoza madume wa nchi hiyo mara 13 mfululizo. Miguu yake ilikuwa na kasoro kweli, lakini alipelekewa majike wazuri, na uwezo aliorithisha ulikuwa mkubwa kuliko kasoro hiyo.

Ukiwa pale, zungumza na saisi wake. Muulize anavyokula, anavyotulia usiku, anavyopokea mtu mgeni. Tabia hurithiwa, na mtoto msumbufu hupoteza nguvu zake kabla ya mbio kuanza. Saisi anayejua kazi yake atakuambia mengi ambayo hayamo kwenye karatasi.

Usidhani kila dume anazalisha

Cigar alishinda mbio 16 mfululizo kati ya 1994 na 1996. Alipopelekwa kwa majike, hakuna hata mmoja aliyeshika mimba, na kampuni ya bima ikalipa dola milioni 25. George Washington wa Ireland alitungisha mimba chache mno hata akarudishwa kwenye mbio. War Emblem, mshindi wa Kentucky Derby ya 2002, alinunuliwa na Shadai lakini hakuwataka majike wengi walioletwa kwake.

Kwa hiyo uliza. Dume mpya kwa kawaida hujaribiwa kwanza kwa majike wasio na thamani kubwa. Omba kujua wangapi kati yao walishika mimba, na baada ya kupandwa mara ngapi. Kisha soma mkataba. Tafuta ule unaosema ada italipwa pale tu mtoto atakaposimama na kunyonya. Kwa mwenye jike mmoja, sharti hilo lina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Hesabu majike watakaomzunguka

Dume hajijengei jina peke yake. Shamba lenye majike wake wazuri, linalowapeleka kwa dume wake mpya, linampa nafasi halisi. Nauliza wenye hisa ni nani, na wao wenyewe wanampelekea majike gani.

Idadi nayo ina uzito. Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani, msajili wa thorobredi, iliweka kikomo cha majike 140 kwa mwaka kwa madume waliozaliwa kuanzia 2020. Sheria hiyo ikafutwa Februari 2022, na wapo madume wanaopanda zaidi ya majike 200 kwa msimu. Ukiwa na lengo la kuuza, mtoto wako ataingia mnadani pamoja na ndugu zake wengi wenye mama bora kuliko wake. Ukiwa na lengo la kukimbiza mwenyewe, idadi hiyo haikuhusu sana.

Lengo lako pia litakuambia utafute nini. Secretariat, bingwa wa 1973, alizaa wakimbiaji wazuri kama Risen Star na Lady's Secret, lakini urithi wake mkubwa ulipitia kwa mabinti: wao ndio mama wa A.P. Indy, Storm Cat na Gone West. Mtu anayeweka majike shambani angefaidi kwa Secretariat kuliko mtu anayeuza madume wa mwaka mmoja.

Mwisho, mlinganishe na jike wako

Hapa naweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ina udhaifu wa jike, ya pili ina nguvu za dume. Jike wa masafa marefu asiye na kasi ya kuanzia anahitaji dume mwenye kasi. Mwaka 2010 watafiti wa University College Dublin, wakiongozwa na Emmeline Hill, walionyesha kwamba jeni moja ya misuli huathiri masafa yanayomfaa thorobredi, na leo kipimo chake kinapatikana kibiashara. Kinasaidia kupanga masafa. Hakikuambii kama mtoto atakuwa hodari. Jike mwenye goti lililorudi nyuma usimpeleke kwa dume mwenye goti la aina hiyo, hata awe bingwa wa dunia.

Kisha, kama dume ameshapata watoto, nenda kwenye mnada wa Novemba ambako watoto wa kwanza wa dume huyo, walioachishwa kunyonya karibuni, huonyeshwa. Ni ushahidi wa kwanza kabisa. Watoto wanaofanana kwa umbo, ingawa mama zao hawafanani, wanaonyesha dume anayeacha alama yake.

Madume wengi wanaoanza kazi hawafaulu, wakiwemo mabingwa wakubwa, kwa hiyo usiweke fedha ambazo huwezi kuzipoteza. Fanya ukaguzi huu wote, kisha jaribu kusema kwa sentensi moja kile ambacho dume huyu anacho na jike wako hana. Ukiweza kuisema, na umeiona kwa macho yako kwenye mwili, ukoo au rekodi yake, saini mkataba. Usipoweza, msubiri dume mwingine. Msimu ujao haupo mbali, na jike mzuri anastahili kungojewa.